Cheni, Mkanda, Cheni Tena: Historia Fupi ya Taimingi ya Injini, Kutoka Grogan Hadi Kianyaga

Baada ya makala nyingi za seva na hifadhidata, leo tunaiacha kompyuta ya mezani tufungue boneti ya gari. Usikimbie. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nikitazama injini naona tatizo lile lile linalotunyima usingizi sisi watu wa programu: vitu viwili vinavyokwenda kwa wakati mmoja, na lazima visipishane hata kidogo. Katika programu vikipishana, data inaharibika. Katika injini vikipishana, chuma kinagonga chuma.

Mfano wetu ni Kianyaga, mji mdogo wa Gichugu katika Kaunti ya Kirinyaga, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Kuna kahawa, na ukipanda juu zaidi kuna majani chai. Chini kuna Kutus, na mbele yake mashamba ya mpunga ya Mwea. Huku gari si pambo. Ndilo linalopandisha abiria na mbolea na kuteremsha mazao. Injini ikifa, kuna mtu hatalipa karo muhula huo. Kwa hiyo swali la nani anajua hali ya taimingi ya gari ni swali la riziki. Jibu lake limebadilika mara tatu katika miaka sitini hivi, na hiyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Taimingi ni nini hasa?

Kwanza tuelewane. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alikamilisha injini ya mipigo minne: kuvuta hewa na mafuta, kubana, kulipuka, kutoa moshi. Mpaka leo gari lako la petroli linafuata mpango huo. Pistoni zinapanda na kushuka na kuzungusha chuma kilichopinda kilicho chini ya injini, krenkishafti. Vali za kuingiza hewa na kutoa moshi zinafunguliwa na chuma kingine chenye vinundu, kamshafti. Kwa kuwa mipigo minne inachukua mizunguko miwili ya krenki, na kila vali inafunguka mara moja tu katika mipigo hiyo, kamshafti lazima izunguke nusu ya kasi ya krenki. Ndiyo maana gurudumu la meno la juu lina meno mara mbili ya lile la chini.

Fikiria gari linapanda kutoka Kutus, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Kamshafti inazunguka mara 1,500. Kila vali inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja. Katika injini nyingi za kisasa, pistoni na vali hupita mahali pamoja kwa zamu. Mmoja akichelewa kuondoka, wanakutana, na vali inapinda. Kinacholinda zamu hiyo ni kitu kimoja tu: gia, cheni au mkanda.

Cheni ilitoka Manchester

Cheni ya kuendesha mitambo ni ya zamani. Huko China, mwishoni mwa karne ya 11, Su Song alitumia cheni katika mnara wake mkubwa wa saa mjini Kaifeng. Kwa hiyo toka mwanzo cheni na wakati ni ndugu.

Lakini cheni tuliyo nayo leo ni kazi ya Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, Uingereza. Mwaka 1879 alinunua karakana ndogo ya cheni huko Salford, na mwaka 1880 akatengeneza cheni ya bushi na rola. Siri yake ni ndogo. Cheni za awali zilikuwa na pini zinazosugua sehemu nyembamba ya bati, zikalika haraka. Renold aliweka bushi, kijibomba kinachotandaza uzito juu ya urefu wote wa pini, na juu yake rola inayobingirika kwenye meno badala ya kusugua. Baiskeli ilifaidika kwanza. Magari yalipokuja, wahandisi walikuta kifaa kiko tayari.

Angalia cheni ya baiskeli yoyote hapo nje. Hiyo ndiyo babu ya cheni iliyo ndani ya gari lako. Tofauti kubwa ni kwamba ya gari inaoga oili na haionekani. Hilo la kutoonekana tutalirudia.

Enzi ya kwanza: fundi anasikiliza

Magari yaliyojenga usafiri wa milimani Kenya yalikuwa ya cheni. Land Rover yenye injini ya lita 2.25 ilikuwa na cheni. Pikapu ya Datsun 1200 ilikuwa na cheni. Na mfalme wao, Peugeot. Peugeot 404, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960, ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ilitoka mwaka 1968, ikashinda mwaka 1975, na baadaye ikawa inaunganishwa hapa hapa Kenya. Ukisema "Peugeot" kwa mzee wa Nyeri, Embu au Kirinyaga, hafikirii Ufaransa. Anafikiria gari la abiria.

Mambo mawili yaliyasogeza magari haya mpaka vijijini. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Halafu Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda vibaya, na mwaka 1976 na 1977 wakulima wa milima hii walishika pesa ambayo wengi hawakuwa wameiona. Pesa ya kahawa ilijenga nyumba za mawe na kununua pikapu.

Injini hizo za petroli zilikuwa na kamshafti chini, karibu na krenki, na vijiti virefu vya kusukuma vali zilizo juu. Kwa hiyo cheni ilikuwa fupi, na cheni fupi ina viungo vichache vya kulika. Ilipochoka haikukatika ghafla, ilianza kupiga kelele. Fundi aliweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha mbele cha injini na mpini wake sikioni, akasikiliza. Akisikia mchakacho gari likiwa limesimama, alijua. Na injini ya 404 iliweza kuzungushwa kwa hendeli ya mkono, hivyo kuleta alama mahali pake ilikuwa kazi ya mikono na macho.

Katika enzi hii ujuzi wa taimingi ulikaa sikioni mwa fundi. Haukuandikwa popote. Kijana aliupata kwa kushika spana za mkubwa wake miaka kadhaa chini ya jua kali, jina ambalo baadaye serikali yenyewe ililiandika kwenye sera zake.

Enzi ya pili: sherehe ya mkanda

Mwaka 1962 kampuni ndogo ya Ujerumani, Glas, ilitoa gari dogo la 1004. Lilikuwa gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na mkanda wa mpira wenye meno badala ya cheni. Wahandisi walikuwa wameanza kuipeleka kamshafti juu kabisa ya injini, na umbali huo ulihitaji cheni ndefu, nzito na yenye kelele. Mkanda ulikuwa mwepesi, kimya, rahisi, na hauhitaji oili. Kufikia miaka ya 1980 Japani nayo ilikuwa imeukumbatia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya fedha za kigeni na uagizaji, na magari ya mtumba yakafurika. Toyota Corolla ambazo Wakenya walizibatiza "100" na "110" zilikuwa na injini za mkanda. Hiace za dizeli zenye injini ya 2L au 3L, mkanda. Baadaye Subaru zenye injini ya EJ, mkanda. (Nissan za dizeli zenye TD27 zilibaki na gia, na hiyo ni sababu moja iliyofanya watu wa matatu wazipende.)

Kwa fundi aliyezoea kusikiliza, mkanda ulikuwa mgeni asiye na adabu. Haupigi hodi. Leo mzima, kesho umekatika katikati ya mlima. Katika baadhi ya injini za petroli za wakati huo pistoni hazikufikia vali, kwa hiyo gari lilizima tu, likavutwa, likafungwa mkanda mpya. Katika dizeli hakuna huruma hiyo, kwa sababu nafasi juu ya pistoni ni finyu mno. Mkanda ukikatika, vali zinapinda.

Lakini mkanda ulikuja na zawadi: namba. Toyota ilisema ubadilishwe kila kilomita 100,000. Magari mengi kutoka Japani yalifika na kibandiko ndani ya boneti, kikiwa na maandishi ya Kijapani na tarehe na kilomita za mkanda ulipobadilishwa. Hata asiyejua Kijapani alisoma namba. Ujuzi ukahama kutoka sikioni kwenda kwenye karatasi. Huu ni mfumo mzuri mradi namba ni ya kweli, na kila aliyewahi kununua mtumba anajua kwamba dashibodi ya gari huweza "kupunguziwa umri" njiani.

Enzi ya tatu: cheni yarudi kimya kimya

Mwaka 1997 Toyota ilitoa Prius ya kwanza, na ndani yake injini ya jamii mpya ya NZ. Ilikuwa na kamshafti mbili juu, na ilikuwa na cheni. Cheni mpya hii ni nyembamba, inaongozwa na reli za plastiki ngumu, inakazwa na tenshona inayosukumwa na shinikizo la oili. Mwaka 2002 ikaja Toyota Probox, yenye injini za jamii hiyo hiyo.

Sina haja ya kuwaeleza watu wa Mlima Kenya Probox ni nini. Inabeba abiria, maziwa, ndizi, na mahali pengine miraa. Lakini angalia jinsi ilivyofika. Kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza mtumba uliozidi miaka 8, na magari mengi huingizwa yakiwa karibu na ukomo huo kwa sababu ndipo bei inakuwa ya chini. Maana yake, uamuzi wa mhandisi Japani ulifika Kianyaga baada ya miaka saba au minane. Sisi watu wa programu tungesema kuna foleni ndefu kati ya anayetuma na anayepokea. Fundi alipozoea kibandiko cha mkanda, ndipo likaja gari lisilo na kibandiko.

Hapo ndipo maneno yalipoanza kuenea: "Hii ni ya cheni, haibadilishwi." Wauzaji walilisema, wanunuzi wakalipenda. Nusu yake ni kweli, maana Toyota haikuweka kilomita za kubadilisha cheni hiyo. Nusu nyingine ni hatari, kwa sababu maisha ya cheni yanategemea oili, na oili ya gari hilo kwa miaka minane ya kwanza hakuna anayejua ilimwagwa mara ngapi.

Wala tusidhani kwamba dunia iliafikiana. Volkswagen ilipata taabu ya cheni katika injini zake ndogo za TSI, na mwaka 2012 kizazi kipya kikarudi kwenye mkanda. BMW iliweka cheni ya dizeli yake ya N47 upande wa nyuma wa injini, mahali ambapo kuifikia ni mateso. Ford ilitoa injini ya EcoBoost ya lita 1.0 yenye mkanda unaozunguka ndani ya oili. Kwa hiyo usimcheke fundi wa Kianyaga akichanganyikiwa. Waliozichora injini hizi nao hawajamaliza kubishana.

Hesabu kidogo ya viungo

Sasa sehemu tuipendayo. Watu husema cheni "imevutika". Chuma chenyewe hakijavutika kama lastiki. Kilichotokea ni kwamba pini na bushi zimelika.

Chukua cheni ya mfano (namba hizi ni za kuelewea tu): viungo 122, kila kimoja milimita 8. Jumla ni milimita 976. Kila kiungo kikilika milimita 0.01, ambayo ni nyembamba kuliko unywele, cheni nzima imerefuka milimita 1.22. Tenshona inatoka kidogo na kumeza ulegevu. Lakini upande unaovuta, wenye viungo 40 hivi, umerefuka milimita 0.4, na kamshafti inachelewa. Gurudumu la juu lenye meno 36 lina mzingo wa milimita 288. Piga hesabu: kuchelewa ni nusu digrii ya kamshafti, yaani digrii moja ya krenki. Bado ndogo. Lakini tenshona ikifika mwisho wake na cheni ikaruka jino moja, kosa ni digrii 10 za kamshafti, au 20 za krenki, kwa mpigo mmoja. Ndivyo mifumo mingi inavyoanguka: inavumilia, inavumilia, kisha inaruka.

Jambo la pili huwatesa mafundi wengi wachanga. Cheni mpya huja na viungo vichache vya rangi, ambavyo unavipanga na alama za magurudumu ya meno pistoni namba 1 ikiwa juu kabisa. Unafunga tenshona, unazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, unatazama tena. Alama za magurudumu zimerudi mahali pake, lakini viungo vya rangi viko kwingine kabisa! Kijana anafungua upya akidhani amekosea.

Hajakosea. Gurudumu la chini la mfano wetu lina meno 18, kwa hiyo mizunguko miwili inasogeza cheni viungo 36. Cheni ina 122. Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili ni 2,196, nayo ni mizunguko 122 ya krenki. Utazungusha mpaka mkono uume kabla rangi hazijarudi. Rangi ni za kufungia tu. Za kuhakikishia ni alama za magurudumu.

Kompyuta ya gari inaona nini?

Kompyuta ya injini haiioni cheni. Inahesabu meno. Kwenye krenki ya Toyota hizi kuna gurudumu lenye nafasi 36 ambamo meno mawili yameachwa makusudi, na pengo hilo ndilo linaloiambia kompyuta mzunguko umeanzia wapi. Kamshafti nayo ina sensa yake. Kompyuta inalinganisha saa hizi mbili. Tofauti ikizidi kiasi kilichowekwa, inawasha taa na kuandika msimbo P0016.

Kwa hiyo ujuzi umehama mara ya tatu: sikioni, kwenye kibandiko, na sasa kwenye programu. Kijana mwenye simu na kifaa kidogo cha Bluetooth anaweza kuusoma msimbo huo barazani, ingawa si kila gari lililotengenezwa kwa soko la Japani linaelewana na vifaa vya bei rahisi. Lakini P0016 haisemi "cheni imekwisha". Inasema saa mbili hazikubaliani. Sababu yaweza kuwa cheni, au oili chafu iliyoziba vali ya mfumo wa VVT-i, au sensa yenyewe. Anayesoma msimbo na kununua spea papo hapo ni sawa na mtu anayefuta faili kwa sababu ameona neno "hitilafu". Hapa sikio la zamani bado lina kazi. Mchakacho wa sekunde chache injini ikiwashwa asubuhi ya baridi, kisha ukanyamaza, unakuambia tenshona inasubiri oili. Mchakacho usionyamaza unakuambia mengine.

Kwa mwenye gari la cheni

Historia isiyosaidia ni hadithi tu. Basi, kwa ufupi:

1. Kibandiko chako sasa ni oili. Imwage kwa wakati, na uandike tarehe na kilomita mwenyewe.
2. Tumia uzito wa oili ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. 20W-50 iliyozoeleka kwetu ni nzito kwa injini nyingi za jamii hii. Asubuhi ya baridi huchelewa kufika kwenye tenshona.
3. Pima oili kila wiki. Ikipungua sana, tenshona ni miongoni mwa wa kwanza kukosa shinikizo.
4. Ukibadilisha cheni, badilisha na tenshona, reli na sproketi zake. Meno yaliyolika huila cheni mpya.
5. Kabla ya kuwasha, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ukihisi kizuizi kigumu, simama. Usilazimishe. Hicho kizuizi ni vali.

Spea hizo nyingi hutoka Nairobi, katika barabara ambayo watu bado wanaiita Grogan, kwa jina la mlowezi Ewart Grogan. Jina lake rasmi siku hizi ni Kirinyaga Road. Naam, cheni inayofika Kianyaga kwa kifurushi cha matatu imetoka kwenye barabara yenye jina la mlima ule ule unaopanda. Mwambie muuzaji namba ya injini. Jina la gari peke yake halitoshi, maana Probox zenyewe hazina injini moja.

Sikio, kibandiko, msimbo. Kila enzi ilileta chombo kipya na kutuaminisha kwamba cha zamani hakihitajiki tena. Fundi ninayemheshimu ni yule anayevitumia vyote vitatu: anasikiliza kwanza, anauliza oili ilimwagwa lini, halafu ndipo anachomeka kifaa chake. Programu zetu nazo tungezitunza hivyo, seva nyingi zingeishi miaka mingi zaidi.

Tukijaliwa, makala ijayo tutarudi kwenye hifadhidata. Mpaka hapo, pima oili.